Mtahini Aliyegeukia Ukuta

Vijana wa mwaka wa kwanza, shikamoo zenu nimezipokea huku huku niliko, marahaba. Idara imeniomba niwaandikie maneno machache ya kusomewa siku yenu ya kwanza, nieleze tulivyoanza kufundisha na kutafiti biashara ya kimataifa chuoni hapo. Nimeambiwa ukurasa mmoja unatosha. Nimestaafu, sina haraka, kwa hiyo kaeni vizuri. Atakayewasomea nimemwomba asiruke mstari hata mmoja, na asiongeze lake.

Mimi sasa niko Makwale, wilayani Kyela, kwenye nyumba aliyoniachia baba. Nina kakao kidogo, mpunga kidogo na kiti cha plastiki barazani. Watafiti wenu wakishuka basi pale Kyela mjini, waendesha bodaboda huwaleta kwangu bila hata kuwauliza wanakwenda wapi. Wanafika na vishikwambi vyao, wanafungua ukurasa wa maswali kabla hawajakaa. Huwa nawaambia kwanza wale. Ukikataa wali wa Kyela halafu ukauliza watu kipato chao, utajibiwa, ila utakachojibiwa hakitakuwa kweli.

Nilipoajiriwa chuoni, somo la biashara ya kimataifa halikuwepo. Kulikuwa na somo la biashara ya nje, tena fupi, kwa sababu biashara ya nje ilikuwa ya serikali. Shirika lilinunua, shirika likauza, mwanafunzi akanakili ubaoni. Kisha milango ikafunguliwa. Mitumba ikajaa, maduka yakawa na sabuni za aina ambazo hatujawahi kuziona, na kila mwenye binamu Dubai akajiita mfanyabiashara wa kimataifa. Chuo kikaona si vizuri watu wote hao wawe na jina hilo bila shahada.

Vitabu tulivyopata vilikuwa vya msaada. Kimoja kilikuwa na kisa cha kampuni ya aiskrimu iliyokosea rangi ya kopo katika nchi moja ya Asia, ikafilisika. Tulikifundisha kisa kile mwaka baada ya mwaka, mpaka nikaanza kuwahurumia wenye kampuni. Siku moja mwanafunzi aliniuliza kama hapa kwetu hakuna mtu yeyote anayeuza kitu nchi ya pili. Nilimjibu kwamba swali hilo litashughulikiwa katika muhula ujao.

Mkuu wa idara wakati ule alikuwa Profesa Bahati, mtu wa Ukerewe, mwenye moyo mzuri na kanuni nyingi. Kitabu cha kanuni za mitihani alikibeba kwenye mfuko wa koti, mahali ambapo wengine hubeba leso. Yeye ndiye aliyesema lazima tutafiti mipaka yetu wenyewe. Akauliza kwenye kikao nani anatoka mpakani. Nikanyoosha mkono. Ninyi mkiulizwa swali la namna hiyo kikaoni, ulizeni kwanza nauli inatoka wapi.

Safari yetu ya kwanza tulikwenda Katumba Songwe, kwenye mto unaotutenganisha na Malawi. Tulikuwa na dodoso la chapa nzito, lililochapwa kwa stensili, wino wake ukishika vidole. Mtu wa kwanza kuhojiwa alikuwa Mama Bupe, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya mto, na kwa kazi hiyo hiyo aliitumia. Alipeleka mchele kule, akarudi na sukari na vitambaa.

"Je, umewahi kuingia soko la nje ya nchi?" nilimsomea.

"Mimi? Nikafanye nini huko?"

"Lakini mama, unavuka Songwe kila wiki."

"Pale ni kwa shangazi."

Nikaweka alama kwenye kisanduku cha Hapana. Kila tuliyemhoji alijibu vivyo hivyo. Huyu alikwenda kwa shangazi, yule kwa kaka, mwingine kwenye shamba lake mwenyewe, maana mto ule huhama. Mvua zikizidi hujikatia njia mpya, na shamba lililolala Tanzania huamkia Malawi bila kuomba ruhusa. Kule pwani ya ziwa, Profesa alimuuliza mama wa kabila la Wakisi aliyekuwa anauza vyungu kama ana sera ya kupanua soko. Mama yule alifikiri vizuri, kisha akasema, "Vyungu vikiisha, narudi nyumbani." Tuliandika ripoti kwamba biashara ya kimataifa katika eneo hilo haipo. Tulikuwa tunaiandika tukiwa tumekaa juu ya gunia la mchele linalosubiri mtumbwi.

Basi nawaambia mapema, ukifika mpakani usiulize habari za mpaka. Uliza habari za ndugu. Mengine yatakuja yenyewe, pamoja na chai.

Aliyelijua hilo kabla yangu alikuwa Tupokigwe, mwanafunzi wetu wa kwanza kabisa wa shahada ya uzamili katika fani hii. Alikuwa binti wa fundi seremala wa Kyela mjini, ameolewa na kijana wa Karonga, upande wa Malawi, ila chuoni alisajiliwa kwa jina la baba yake. Idara ilikuwa imemshikia nafasi ya mhadhiri msaidizi. Akifaulu ni yake. Asipofaulu inakwenda kwa mwingine, naye arudi Kyela kuuza mchele na mama yake. Hilo alilijua, na sisi tulilijua, na mama yake alikuwa ameshaanza kumtafutia meza sokoni kwa tahadhari.

Tasnifu yake ilihusu namna wanawake wa Songwe wanavyofanya biashara na wakwe zao wa ng'ambo. Hapa lazima niwaeleze jambo moja, kwa ajili ya ninyi mnaotoka mbali. Kwetu mke hamtazami baba mkwe wake, wala ndugu wa kiume wa baba mkwe, maana nao ni baba wakwe. Hakai naye chumba kimoja, hapishani naye njiani, na jina lake halitamki. Tunaita kutila. Si uadui, ni heshima, na wakwe wawili wanaweza kupendana sana kwa namna hiyo hadi kufa bila kuonana uso. Siku hizi wengi wameacha. Wakati ule baadhi ya koo zilikuwa zimeacha na nyingine bado, na hukuweza kujua kwa kumwangalia mtu suti yake.

Sasa baba mkwe huyo akiwa ndiye mwenye ghala upande wa pili, biashara inafanyikaje? Mwanamke anakaa nyuma ya ukuta. Mtu wa tatu anasimama katikati na kupeleka maneno. Hata kama wote wawili wamesikiana vizuri, neno halijasemwa mpaka mtu wa kati alirudie. Bei ikikubaliwa, mzigo unaachwa mahali, kila mmoja anaondoka kwa njia yake. Tupokigwe aliandika sura nzima juu ya hilo. Profesa Bahati aliisoma akaandika juu yake kwamba hakuna mtu mwenye akili anayeweza kununua kitu kwa kuzungumza na ukuta.

Mimi shida yangu ilikuwa nyingine. Kulikuwa na kitabu kimoja tu kilichowahi kuandikwa juu ya biashara ya Songwe, na aliyekiandika alikuwa msomi Mngonde wa Karonga aliyesomea Uingereza. Tupokigwe alikitumia kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini kila mahali aliandika "mtafiti mmoja wa ng'ambo ya mto". Nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Nani?" Akaniletea rasimu mpya, masahihisho yote yamefanywa isipokuwa hilo. Nikaandika tena. Mwishowe nikamwita ofisini.

"Tupokigwe, kitabu hiki mwandishi wake ni nani?"

Akatazama sakafu. "Nimekisoma, mwalimu."

"Sijauliza kama umekisoma."

"Ndiyo, mwalimu."

Mtasema mimi ni mtu wa Kyela, ilikuwaje nisielewe. Nilisoma bweni tangu mdogo, kisha nikaoa Tanga. Mke wangu na marehemu baba walikuwa wakibishana kila jioni juu ya taarifa ya habari, ana kwa ana, kwa sauti ya juu, na wote wawili walinenepa. Nyumbani kwangu mambo ya kutila hayakupata nafasi. Nilihitimisha kwamba binti yule ni mbishi, nikapitisha tasnifu iende kwa mtahini wa nje.

Na mtahini wa nje wa somo lile angekuwa nani mwingine? Ni mwenye kitabu. Jina la mtahini lilikuwa siri kwa mtahiniwa mpaka siku yenyewe, hiyo ni kanuni. Na kwa kuwa chuo hakikuwa na hela ya kumleta Dar es Salaam, Profesa aliamua utetezi ufanyike Kyela, ambako mtahini angeweza kujifikisha mwenyewe kwa kuvuka daraja. Tukaazima ukumbi wa shule wakati wa likizo. Tukawaalika wafanyabiashara, kwa sababu Profesa alitaka utafiti urudi kwa wenyewe. Wenyewe walikuja na watoto na karanga.

Ripoti ya mtahini ilitangulia kwa posta. Ilisema kwamba mtahiniwa ametumia kazi ya mtu bila kumtaja, kwamba kwa wasomi huo ni wizi, na kwamba afelishwe. Profesa alinionyesha asubuhi ile, tukiwa tunapanga meza. Nilimtazama Tupokigwe aliyekuwa anafuta vumbi kwenye kiti chake, amevaa suti ya kijivu aliyoshonewa na mama yake, kanga begani kwa ajili ya manyunyu, nikaumia moyoni. Sikuwa na la kufanya. Msimamizi haruhusiwi kusema kitu kwenye utetezi isipokuwa akiulizwa.

Mtahini alifika kwa baiskeli ya kukodi, amekaa nyuma wima kabisa, suti ya mistari, tai, mkoba magotini. Alipoingia mlango wa mbele, Tupokigwe alivuta kanga kichwani, akainama, akatoka mlango wa pembeni. Hakukimbia. Alitoka tu.

"Mtahiniwa anakwenda wapi?" Profesa aliuliza.

Nikasema sijui. Akatoa kitabu mfukoni, akatafuta, akasoma kwamba mtahiniwa atakayetoka bila ruhusa ya mwenyekiti atahesabiwa amejiondoa.

"Huyo si ni mkwe wake!" Mama Bupe alipaza sauti kutoka nyuma. "Mlitaka afanye nini, amkumbatie?"

Mtahini alikuwa bado amesimama mlangoni, ameinua uso anatazama dari. Akamuuliza Mama Bupe kwa Kingonde, ambacho ni Kinyakyusa chenye pasipoti nyingine, binti yule ni mke wa nani. Mama Bupe akamwambia. Tupokigwe alikuwa mke wa mtoto wa kaka yake mtahini. Mtahini alikuwa anajua kwamba mkwe wao anasoma Dar es Salaam, ila hakujua anasoma nini, kwa kuwa hawakuwahi kuongea, na akina Tupokigwe kwetu ni wengi. Mtahini akaitikia kwa kichwa. Akachukua kiti chake, akakigeuza kikaelekea ukuta wa nyuma, akakaa, akaweka mkoba magotini.

"Tunaweza kuendelea," alisema kwa Kiingereza, akiuambia ukuta.

Profesa alisimama. Alisema ndugu hawezi kumtahini ndugu, kanuni imekataza. Akaisoma: mzazi, mwenza, mtoto, ndugu wa tumbo moja. Akatafuta baba mdogo wa mume. Hakuwemo. Kwa kanuni za chuo, basi, watu wale hawakuwa ndugu. Kwa kanuni za Kyela hawakuweza kuwa chumba kimoja. Profesa alitafakari, akaona kwamba mmoja akiwa ndani na mwingine akiwa nje, kanuni zote zimetimizwa. Nilimheshimu sana siku ile.

Ukumbi ule haukuwa na vioo madirishani. Tupokigwe alikuwa amesimama nje, chini ya dirisha, mgongo ukutani. Mama Bupe hakuombwa. Alisogea mwenyewe, akaegemea dirisha, akakunja mikono, akangoja kazi. Utetezi ulitakiwa uwe kwa Kiingereza. Kiingereza kilidumu hadi hapo. Mtahini aliuliza kwa Kingonde, Mama Bupe akapeleka kwa Kinyakyusa, na mimi nikaruhusiwa kumtafsiria Profesa.

Swali la kwanza lilikuwa refu. Lilihusu namna alivyowachagua wahojiwa, na ubora wa ushahidi, na waandishi wa Ulaya walisema nini. Mama Bupe alilisikiliza lote, kisha akainama dirishani. "Baba anauliza, uhakika unao?"

Profesa akasema swali lilikuwa refu kuliko hivyo.

"Mengine yalikuwa salamu," Mama Bupe akasema.

Akaamriwa apeleke kila kitu. Akawa anapeleka kila kitu. "Sasa amekohoa," alimwambia Tupokigwe. "Sasa anafungua karatasi." Binti alijibu vizuri. Kwa sauti ya kawaida, bila kubabaika, alieleza mizigo inavyopita, nani anamwamini nani, na kwa nini mtu wa kati hawezi kudanganya zaidi ya mara moja. Kila jibu sote tulilisikia kupitia dirishani, kisha tukangoja lirudiwe ndipo mtahini alisikie. Nilianza kuona Profesa Bahati akiandika pembeni mwa ile sura ya ukuta. Alikuwa anafuta maneno yake.

Ndipo akafikia ripoti. Alikuwa mwenyekiti, hakuweza kuiruka. Aliisoma yote kwa sauti ya chini. Mtahini aliendelea kuutazama ukuta.

"Neno hilo la wizi mimi silipeleki," Mama Bupe akasema.

"Lazima lipelekwe, mama," Profesa akasema. Hakuonekana kulifurahia.

Mama Bupe akainama dirishani taratibu. "Mwanangu, wanasema kitabu cha baba umekiiba."

Hata wa karanga waliacha kumenya.

"Mama, mwambie baba," sauti ya Tupokigwe ikasema kutoka nje, "kitabu chake nimekisoma mpaka jalada limeachia. Kila nilichochukua nimesema ni cha mtu wa ng'ambo ya mto. Jina lake sijalitamka tangu nimeolewa, na kuliandika ni kulitamka kwa mkono. Kama huo ni wizi, basi wanifelishe, nitakwenda kuuza mchele. Sitaliandika."

Sauti yake ilitetemeka kwenye mchele tu. Mama Bupe aliyarudia maneno yote, hakupunguza hata moja, akiuambia mgongo wa suti ya mistari. Mimi nilikuwa nazikumbuka zile "Nani?" zangu za kalamu nyekundu, moja moja.

Mtahini alivua miwani, akaifuta kwa tai yake, akaivaa.

"Nilipoandika ripoti ile nilikuwa nimekasirika," alisema hatimaye. "Nilisema nitavuka mto nikamtazame mwizi wangu usoni." Akauweka sawa mkoba magotini. "Hilo la usoni sasa haliwezekani."

Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Nina wanafunzi," akaendelea, "wanaotaja jina langu kila ukurasa, na kitabu hawajakifungua. Huyu amenisoma, na kunivunjia heshima amekataa hata kwa shahada yake. Nipeni kalamu."

Nikampa yangu, ya bluu. Akaifungua tasnifu juu ya mkoba, na kila palipoandikwa "mtafiti mmoja wa ng'ambo ya mto", akaandika pembeni jina lake kamili kwa mwandiko wake mwenyewe. Alikwenda ukurasa kwa ukurasa bila haraka. Sisi tulingoja. Profesa alikuwa anapekua kitabu chake cha kanuni, nami nikawa na hofu, maana maisha yake yote nilikuwa nimemwona akitafuta kanuni za kukataza.

"Kanuni inasema jina la mwandishi sharti liwemo," akasema. "Haisemi nani aliandike."

Akakifunga, akakirudisha mfukoni.

Ilibaki habari ya masahihisho. Mtahini alisema sura ya mwisho iandikwe upya ndani ya mwezi mmoja. Mama Bupe hakulipeleka dirishani. Alimgeukia mtahini, akamwita baba kwa Kinyakyusa.

"Tata, mvua hizi? Miezi mitatu."

"Chuo si soko, mama," Profesa akasema.

"Mwezi na nusu," mtahini akauambia ukuta.

"Miwili, tumalize."

"Miwili."

"Ndaga fijo, tata," Mama Bupe akashukuru, kisha ndipo akainama kumpa Tupokigwe habari kwamba amepewa miezi miwili, kama vile haikuwa imegombaniwa.

Mtahini alifunga mkoba. Kabla ya kutoka alipita karibu na dirisha, uso ameugeuzia upande wa pili, akaweka pale kizingitini nakala yake mwenyewe ya kitabu, yenye jalada zima. Akatoka mlango wa mbele, akapanda baiskeli. Alipokwisha kupotea barabarani, Tupokigwe aliingia mlango wa pembeni na kitabu kifuani, na Profesa akamtangazia rasmi kwamba amefaulu. Alikaa kwenye kile kiti alichokifuta vumbi, akalia. Mama Bupe akalia. Mimi nililia pia, na sioni sababu ya kuwaficha vijana jambo hilo. Profesa alisema kuna vumbi.

Tupokigwe na mtahini wake hawakuwahi kuonana uso mpaka mzee huyo alipofariki. Lakini walifanya kazi pamoja miaka mingi, yeye kule na binti huku, na Mama Bupe, alipokuwa na nafasi, katikati. Mengi ya mtaala wenu yalitoka kwenye dirisha hilo.

Nakala ya tasnifu iko maktaba yenu. Mkiikuta imeandikwa pembeni kwa kalamu ya bluu, msimlaumu mwanafunzi yeyote. Nilipokuwa kazini nilimzuia mkutubi mmoja asiifute.

Na wenye masikio mmekwisha kugundua kwamba mzee huyu nimemsimulia mwanzo hadi mwisho bila kumtaja jina. Sijalisahau. Mimi si mkwe wake, ninaweza kulitamka asubuhi hadi jioni. Mtalikuta maktaba, kwa mwandiko wa mwenyewe. Humu sikuliweka kwa sababu nilimwomba msomaji wenu asiruke mstari, na msomaji wenu ni Tupokigwe.